Nichambue vipi kipande cha Arvo Pärt ikiwa kodi (chord) ni moja tu mwanzo hadi mwisho?

KinandaKisauni

Salaam wakuu. Mimi hupiga kinanda kwenye kwaya ya kanisa huku Kisauni, na jioni nikitoka kazini nasomea muziki. Mhadhiri ametupa kazi ya kuchambua vipande viwili vya watunzi wa klasiki wa kuanzia miaka ya 1970 kuja huku. Cha kwanza kachagua yeye: Cantus in Memoriam Benjamin Britten ya Arvo Pärt, mtunzi wa Estonia, ya mwaka 1977, kwa vyombo vya nyuzi na kengele moja. Cha pili tujichagulie wenyewe, na mimi nawaza Clapping Music ya Mmarekani Steve Reich kwa sababu ni makofi matupu ya watu wawili, hata piano haihitajiki.

Tatizo langu ni hili. Uchambuzi niliofundishwa ni wa kina Haydn na Mozart: tafuta ufunguo, andika namba za kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) chini ya kila kipimo, onyesha mada ya kwanza, mada ya pili, na mahali zinaporudi. Huyu Pärt nimefungua karatasi zake naona A maina. Ukurasa wa pili, A maina. Wa mwisho, A maina. Nikiandika "i, i, i", yaani namba ya kodi hiyo hiyo moja, mpaka chini nitakuwa nimesema nini? Na Reich hana hata hiyo i.

Niliusikiza huo Cantus kwenye simu nikivuka Likoni, lakini na mhubiri upande huu na honi za magari upande ule, kengele inayotajwa sikuipata. Usiku nyumbani nikausikia vizuri, ukanishika kweli. Sasa "ulinishika" hakumpi mtu alama chuoni. Nyinyi mnaanzia wapi? Na nikitaja ngoma ya sengenya au taarabu kwenye kazi ya chuo, nitaonekana najitafutia sifa?

FidlaYaKibokoni

Karibu, mwanangu. Mimi ni mtu wa fidla. Nimepiga harusi za Mji wa Kale tangu enzi watu walipokuwa wakikaa kwenye taarabu mpaka alfajiri na hakuna aliyeuliza saa. Kusoma noti nilifundishwa na mpiga ogani mmoja wa kanisa, naye alikuwa akitaka kujua siri za udi, basi tukabadilishana. Kwa hivyo nitakujibu kama mpigaji. Maprofesa watakuja na yao.

Hizo namba za kodi ziweke kando kwanza. Hazina ubaya, ila zimetengenezwa kwa muziki unaoondoka mahali na kurudi. Huu hauondoki. Kwa hivyo uliza jingine: hapa kuna kanuni gani, na kila chombo kinaitii vipi?

Shika penseli, tazama fidla za kwanza peke yake. Zinaanza A ya juu. Kisha A, G. Kisha A, G, F. Kisha A, G, F, E. Kila mara zinarudi A ile ile ya juu na kuteremka hatua moja kupita mara iliyotangulia. Mdundo ni mrefu-mfupi, mrefu-mfupi, haubadiliki. Lahani yote ndiyo hiyo, hakuna nyingine inayokuja. Ukishaielewa umezielewa na fidla za pili, maana zinafanya lile lile, oktavu moja chini, kwa nusu ya mwendo. Viola ni nusu ya hapo. Chelo nusu tena. Besi kubwa nusu tena. Piga hesabu mwenyewe: besi zinakwenda polepole mara 16 kuliko fidla za kwanza. Ni watu watano wa nyumba moja wanateremka ngazi zile zile za ghorofa, kijana mbele, babu nyuma na mkono ukutani, na hakuna anayemngoja mwenziwe.

Hapo nimekupa nusu tu ya kanuni. Fidla za kwanza zimegawanywa makundi mawili. Kundi moja linateremka skeli kama nilivyosema. La pili haliruhusiwi kugusa noti yoyote isipokuwa A, C na E. Fidla za pili hivyo hivyo, chelo hivyo hivyo, besi hivyo hivyo. Mtindo huu Pärt anauita tintinnabuli. Aliuanza mwaka 1976 kwa kipande kidogo cha piano, Für Alina, baada ya miaka kadhaa ya kutotunga karibu chochote, akisoma nyimbo za kale za kanisa. Kila noti ya skeli ina mwenziwe wa kodi. Ndiyo sababu unaona A maina kila ukurasa, na ndiyo sababu vilevile sikio linachomwa mahali fulani: skeli ikifika B na mwenziwe yuko kwenye A, zinagongana. Sasa zidisha kwa makundi matano yanayokwenda kwa mwendo tofauti. Weka alama ya rangi moja mahali zinapogongana, rangi nyingine mahali zinapopatana. Karatasi hiyo itakueleza mambo ambayo ile "i" yako imeyafunika.

Halafu viola. Watu huzipita tu. Zitazame: ni viola peke yake ambazo hazikugawanywa. Zina skeli tu, hazina mwenzi. Juu yao kuna makundi mawili yenye wenzi, chini yao mawili yenye wenzi. Ukipata rekodi nzuri jaribu kuzifuata hizo viola tu kuanzia zinapoingia, utaona zinavyokuwa kama zimevuliwa. Kwa nini alifanya hivyo? Mimi naamini pale katikati pangesongamana mno, na mtunzi huyu msongamano hautaki. Wewe unaweza kuwa na maoni mengine, lakini usiache kulitaja, kwa sababu mahali mtunzi anapoivunja kanuni yake mwenyewe ndipo pa kuketi.

Sasa njoo mwisho. Muziki umeanza kimya kimya kabisa na umekuwa ukipanda nguvu muda wote. Kila kundi likifika noti yake ya chini linaishika hapo hapo haliiachi, moja baada ya jingine, mpaka kodi nzima ya A maina imesimama kwa nguvu zote. Kengele, ambayo nayo ni A, inapigwa taratibu chini ya kelele hiyo, hata pigo lenyewe husikii. Kisha vyombo vyote vya nyuzi vinanyamaza kwa pamoja. Kinachobaki ni mlio wa kengele, na ndani ya mlio ule sikio langu linapata C shapu, noti inayogeuza A maina kuwa A meja. Kwenye karatasi hakuna C shapu hata moja! Kipande kilichokaa A maina mwanzo hadi mwisho kinakuachia kivuli cha A meja.

Kanuni utaimaliza jioni moja, mwanangu. Kuchambua kwenyewe kunaanza pale sikio linapopata kitu ambacho kanuni haikukiahidi. Na kwenye feri usisikize tena. Hata bila mhubiri hutasikia kitu.

MwalimuTudor

Shikamoo mzee. Umemfundisha vizuri, ila niongeze matatu na moja nikupinge.

KinandaKisauni, kwanza usiandike kana kwamba Pärt alivumbua sauti kadhaa za wimbo mmoja kwa mwendo tofauti. Johannes Ockeghem alikuwa akifanya hivyo katika karne ya 15, misa yake iitwayo Missa prolationum karibu yote imejengwa juu ya mbinu hiyo. Mtu aliyekaa miaka akisoma muziki wa kale wa kanisa hakuipata hiyo kwa bahati. Sentensi mbili zinatosha, lakini ziwepo.

Pili, chora. Mstari wa muda unaokwenda kulia, na mistari mitano ya vyombo. Onyesha kila kundi linapoingia na linapofika noti yake ya kushikilia. Mimi nafundisha watoto wanaojiandaa kwa mitihani ya muziki, na nimeona mara nyingi mtoto anajaza kurasa nne za maneno kwa jambo ambalo mchoro mmoja ungelimaliza.

Tatu, Britten, mtunzi wa Uingereza, alifariki Desemba 1976 na kipande ni cha kumwomboleza. Sema hivyo mara moja, basi. Usijaze ukurasa kwa huzuni.

Ninapokupinga mzee ni kwenye hiyo C shapu. Kengele nyingi za kanisa zikiwa za A zina C ya kawaida ndani yake, yaani noti ya maina (tatu ndogo juu ya A), na ina nguvu. Kengele gani imetumika, imerekodiwa kwenye ukumbi gani, hayo yanabadilisha unachosikia. Mwanafunzi asiandike kwamba "kipande kinaisha kwa A meja". Mhadhiri atamkata.

FidlaYaKibokoni

Marahaba, Mwalimu. Ndiyo maana nilisema "sikio langu". Lakini hoja yako naipenda kuliko yangu, kwa sababu inampa kijana kazi ya kufanya: achukue rekodi mbili au tatu, asikize sekunde za mwisho tu, aandike anachosikia kwa kila moja. Aandike hivi: kwenye karatasi ni A tupu, katika rekodi hii nasikia meja, katika ile nasikia maina bado. Hilo ni jambo zito, maana mtunzi ameiacha kodi ya mwisho mikononi mwa chuma na ukuta wa ukumbi. Sisi wa fidla tunajua, nyumba moja ya Kibokoni si sawa na nyingine, kuna sebule zinakupigia zenyewe.

MtotoWaKinango

Mimi nasema kuhusu huyo wa makofi. Reich alikwenda Ghana, akasikia ngoma, akarudi Marekani akaandika makofi, akaitwa mtunzi mkubwa. Wazee wetu wa sengenya wanapiga vitu vigumu kuliko hivyo na hakuna anayewaita watunzi wa klasiki. Kinanda, ukichambua hiyo andika na hilo.

Halafu nimejaribu kupiga na binamu yangu. Yule anayebaki palepale ndiye anayeteseka. Anayehama ana kazi, anayebaki anavutwa.

FidlaYaKibokoni

Yakhe Kinango, la wazee kutoitwa watunzi niko nawe mia kwa mia. Lakini la Reich tuliweke kwa miaka yake, maana kijana akiandika ulivyosema atarudishiwa kazi.

Mwaka 1964, kabla hajakanyaga Ghana, Reich alimrekodi mhubiri wa barabarani San Francisco akihubiri gharika ya Nuhu. Akachukua kipande cha maneno hayo akakizungusha kwenye mashine mbili za tepu. Mashine hazikwenda sawa, moja ikaanza kuitangulia nyingine taratibu, na kutokana na hapo akapata kipande kinachoitwa It's Gonna Rain. (Wahubiri wa Likoni wajihadhari.) Mwaka 1967 akaifanya mbinu hiyo kwa piano mbili, Piano Phase. Ghana alikwenda mwaka 1970, akasoma ngoma za Waewe. Baada ya hapo ndiyo ikaja Drumming, na mwaka 1972 Clapping Music. Kwa hivyo kuachana kwa sauti mbili alikuwa nako. Alichokuja kukuta Afrika ni mzunguko wa mapigo 12 unaoweza kusikika kwa tatu-tatu au nne-nne, na uhakika kwamba mikono ya watu inaweza kazi hii bila mashine. Deni lipo. Liandikwe lilivyo.

Sasa Kinanda, makofi yenyewe. Mzunguko una mapigo 12, manane ni kofi na manne ni kimya, hivi:

x x x – x x – x – x x –

Mtu wa kwanza hapigi kingine maisha yake yote. Wa pili anaanza naye sawa, kisha anaruka mbele pigo moja, wanarudiarudia, anaruka jingine, mpaka amehama mara 12 na wamekutana tena. Kanuni imeisha, ni mstari mmoja. Kazi yako: andika mizunguko yote ya kuhama kwenye karatasi ya miraba, mstari wa wa kwanza juu, wa pili chini. Kwa kila mmoja hesabu matundu, yaani mapigo ambayo wote wawili wamenyamaza. Na weka alama mahali wanapopiga pamoja. Rudi hapa uniambie.

KinandaKisauni

Asanteni sana wote. Mzee, shikamoo. Nimechora. Wakianza pamoja matundu ni 4. Kuanzia kuhama kwa kwanza hadi kwa kumi na moja nimepata hivi: 0, 1, 2, 1, 2, 0, 2, 1, 2, 1, 0. Inasomeka sawa kutoka mbele na kutoka nyuma! Makofi ya pamoja nayo ni yale matundu ukiongeza 4, kila mara.

Hili la kusomeka sawa pande zote ni ujanja wa Reich au limetokea tu?

FidlaYaKibokoni

Marahaba. Hesabu zako ni sahihi, nimezipitia. Hilo haliepukiki kwa mzunguko wowote ule. Wa pili akitangulia pigo moja ni sawa na wa kwanza kuchelewa pigo moja, na kuhama kwa 11 ni hilo hilo, wamebadilishana nafasi tu. Kwa hivyo usimsifu Reich kwa hilo. Wengi humsifu.

Msifu kwa mengine mawili. La kwanza: tazama 0 zako. Kuhama kwa kwanza, kwa sita na kwa kumi na moja hakuna tundu hata moja. Umetoka kwenye mdundo wenye pumzi nne, ghafla makofi hayana mwanya. Wasikilizaji hushtuka hapo kwanza kabisa na hawajui kwa nini. Wewe sasa unajua.

La pili ni tamu zaidi. Chukua kuhama kwa kwanza na kwa sita. Kwa hesabu ni ndugu pacha: matundu 0, makofi ya pamoja 4. Sasa tazama hayo ya pamoja yako wapi. Katika kuhama kwa kwanza yako pigo la 1, 2, 5 na 10. Yamekaa ovyo, huwezi kuyatikisia kichwa. Katika kuhama kwa sita, nusu ya safari, yako pigo la 2, 5, 8 na 11. Kila baada ya matatu, bila kukosea! Ghafla ndani ya fujo kunatokea mdundo wa nne uliolala sawasawa, na hakuna hata mmoja kati ya wale wawili anayeupiga. Umezaliwa kati yao. Yule wa kwanza bado anapiga kile kile alichoanza nacho.

Hapo ndipo Kinango na sengenya yako mnaingia, Kinanda, na hakuna atakayesema unajitafutia sifa. Usiandike "inafanana na ngoma za Pwani", hiyo haina maana. Andika: katika ngoma fulani niliyoisikia, mpigaji huyu na huyu wanatoa mdundo wa tatu ambao hakuna mmoja wao anayeupiga, na hapa katika kuhama kwa sita ni hivyo, isipokuwa pale kwetu mchezaji anauonyesha kwa mguu na kwa Reich unaachiwa msikilizaji autafute. Tofauti iandike kwa uzito ule ule wa mfanano.

Taarabu kwenye Clapping Music usiilazimishe, haipo. Ukitaka pa kuitumia, siku nyingine chagua Escalay ya Hamza El Din, yule Mnubi wa udi. Kronos Quartet, kundi la watu wanne wa fidla, viola na chelo, waliipiga kwenye albamu yao ya 1992, Pieces of Africa, na humo humo utamkuta Justinian Tamusuza wa Uganda na Kevin Volans wa Afrika Kusini. Mimi Escalay naisikiza kama mpiga fidla wa hapa anayesikia jamaa zake wakizungumza kwa lafudhi ya mbali. Ni gurudumu la maji linazunguka, polepole mno. Ukiichambua utahitaji kujua maqam, yaani skeli za muziki wa Kiarabu na kanuni zake, na hapo utanitafuta.

MwalimuTudor

Kuhusu hiyo ya 2, 5, 8, 11: nimeipiga na wanafunzi wangu wawili mchana huu, wa tatu akikanyaga sakafu pale makofi yanapokutana. Amekanyaga sawasawa bila kuelezwa. Kinanda, weka michoro miwili tu kwenye kazi yako, kuhama kwa kwanza na kwa sita, mmoja juu ya mwingine. Mingine tisa iweke mwishoni kama kiambatisho.

Na kwa Pärt, ile rangi mbili ya mzee ifanye kwa kurasa mbili za mwanzo peke yake. Ukitaka kuifanya yote hutalala.

KinandaKisauni

Sawa Mwalimu. Kazi inatakiwa Jumatatu, na nataka nirekodi makofi mwenyewe nimpe mhadhiri asikie huo mdundo. Kwaya yangu wote wamesafiri kwa harusi. Kinango, uko mjini?

MtotoWaKinango

Jumamosi baada ya alasiri niko Makadara. Njoo na simu yenye chaji. Nani anabaki palepale?

KinandaKisauni

Wewe ndiye mpiga ngoma.

MtotoWaKinango

Nilijua tu.